Mgonjwa Haulizwi Uji, Lakini Umri Wake Uulizwe

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Anayeugua hupelekewa chakula bila ya kuombwa rai, kwa kuwa ugonjwa umemwondolea hamu, na kumsubiri mpaka aseme "nipeni" ni kumwacha adhoofike. Nimelelewa katika hekima hiyo na sina nia ya kuitangua. Ila kwa miaka niliyofanya kazi katika wodi za wagonjwa mahututi nimekuja kuona kwamba methali hii imeacha swali moja bila jibu: uji huo anapelekewa mgonjwa wa umri gani?

Swali hilo lilinijia kwa nguvu wiki moja ambayo nyumba moja ilituletea wagonjwa wawili. Bibi wa miaka 78 alilazwa kwetu kwa nimonia iliyokwisha kuenea kwenye damu. Mjukuu wake wa mwaka mmoja na nusu akalazwa wodi ya watoto, jengo la pili, kwa nimonia vilevile. Mama wa mtoto, ambaye ndiye binti wa yule bibi, alikuwa akivuka ua mara kadhaa kwa siku akiwa na chupa mbili za uji uliopikwa katika sufuria moja. Siku ya pili alinisimamisha mlangoni.

"Daktari, mama hajala tangu juzi. Nikimpa anafumba mdomo. Huyu atakufa kwa njaa kabla ya ugonjwa. Na kule kwa mtoto manesi wananiambia nimnyonyeshe na kumlisha kila baada ya saa mbili au tatu, hata usiku. Mbona huku hamna haraka?"

Nilimpa jibu fupi la mtu mwenye zamu ndefu. Makala haya ni jibu nililopaswa kumpa.

Ugonjwa uliowapata wote wawili, katika sura yake kali, huitwa sepsisi. Tangu mwaka 2016 wataalamu wamekubaliana kuueleza kuwa ni hali ya viungo vya mwili kushindwa kufanya kazi kwa sababu mwili umejibu maambukizi kwa namna iliyopotoka. Yaani kinachoua si kijidudu peke yake, bali pia vurugu za mwili wenyewe katika kupambana nacho. Inakadiriwa kwamba mwaka 2017 watu milioni 48.9 duniani waliupata na milioni 11 walifariki. Zaidi ya milioni 20 kati ya waliougua walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano, na upande wa pili hatari hupanda tena kadiri mtu anavyozeeka. Ncha mbili za umri ndizo zinazobeba mzigo, na katika ncha hizo mbili mafuta ya mwili hayafanyi kazi kwa namna moja.

Msomaji asiye mtaalamu huenda akashangaa mafuta yanahusikaje na nimonia. Yanahusika sana. Mtu mzima wa wastani hubeba kilo kumi au zaidi za mafuta, ilhali sukari ya akiba iliyo kwenye ini ni kama gramu 100 tu, nayo humalizika kwa takriban siku moja ya kutokula. Maambukizi makali yanapoingia, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini na kotisoli, na kinga ya mwili humwaga kemikali zake za kuitana. Zote hizi huamuru ghala la mafuta lifunguliwe. Mafuta huvunjwa kuwa asidi za mafuta, husafiri katika damu, na kuchomwa ndani ya mitokondria, yale majiko madogo yaliyomo katika karibu kila seli. Moyo, ambao hata siku za afya hupata sehemu kubwa ya nishati yake kutokana na mafuta, huzitegemea. Ini nalo hubadili sehemu ya asidi hizo kuwa ketoni, ambazo ubongo unaweza kuzitumia pale sukari inapopungua. Ndiyo maana mgonjwa hukosa hamu ya kula na bado akaishi siku kadhaa: anakula kutoka ndani.

Sayansi ilijifunza jambo hili kwa njia inayotuhusu sisi wa Afrika ya kitropiki. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, waliwaambukiza sungura vimelea vya jamii ya trypanosoma, ndugu wa vile vinavyoenezwa na mbung'o na kuleta malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe. Sungura walikonda wakabaki mifupa. Lakini damu yao, badala ya kukaukiwa, ilijaa mafuta. Kimeng'enya kinachoyatoa mafuta kwenye damu na kuyaingiza katika tishu kilikuwa kimezimwa. Kundi hilo lilitafuta kilichokizima, likapata protini inayotolewa na seli za kinga, na mwaka 1985 ikabainika kwamba ndiyo ileile ambayo watafiti wengine walikuwa wakiiita kipengele cha kuua uvimbe wa saratani. Leo tunajua kwamba ni miongoni mwa wajumbe wakuu wa sepsisi. Kinga ya mwili na ghala la mafuta, kumbe, hupokea amri kutoka kwa mjumbe mmoja.

Kutokana na hilo huja jambo dogo ambalo wenzangu wa maabara watanishukuru kulitaja. Katika maambukizi makali trigliseridi hupanda na kolesteroli hushuka, kwa sababu ini limebadili kazi na kwa sababu chembe zinazobeba kolesteroli zinatumika pia kunasa sumu za bakteria. Kwa hiyo kumpima mgonjwa wa sepsisi mafuta ya damu ili kujua hatari yake ya kiharusi ni kupoteza fedha za familia. Kolesteroli iliyoshuka siku hiyo si habari njema. Mara nyingi ni dalili ya ukali wa ugonjwa. Kipimo hicho kisubiri wiki kadhaa baada ya kupona.

Sasa tuje kwenye umri.

Mtoto mdogo ana akiba ndogo ya sukari na kichwa kikubwa. Ubongo wake hutumia karibu nusu ya nishati yote ya mwili uliotulia, ilhali wa mtu mzima hutumia kama sehemu moja ya tano. Akikosa chakula usiku mmoja akiwa na homa, sukari yake inaweza kushuka hata akapata degedege, na degedege hilo likaitwa malaria, au likaitwa mambo mengine tunayoyasikia vijijini. Kwa upande mwingine maumbile yamempa kipaji: ini lake hugeukia mafuta upesi, na ketoni zake hupanda ndani ya saa chache ambazo kwa mtu mzima zisingeleta badiliko kubwa. Mtoto ni hodari wa kuchoma mafuta. Tatizo lake ni kwamba ghala ni dogo, na kwa mtoto mwenye utapiamlo ghala ni tupu au mlango wake umekwama. Watoto wenye kwashakoo, waliovimba miguu, wamepimwa na kuonekana kwamba huvunja na kuchoma mafuta kwa kasi ndogo kuliko waliokonda bila kuvimba, na maini yao hujaa mafuta yasiyotoka. Ndiyo sababu miongozo ya Shirika la Afya Duniani inataka sukari ya mtoto mwenye utapiamlo mkali ihesabiwe kuwa imeshuka ikiwa chini ya milimoli 3 kwa lita, si 2.5 kama kwa mtoto mwenye lishe njema, na inataka alishwe kidogokidogo kila baada ya saa mbili au tatu, mchana na usiku. Nesi aliyempa yule mama agizo hilo alikuwa sahihi kabisa.

Kwa mzee hali ni kinyume, na hapa ndipo ninapoona tunakosea zaidi. Mzee mara nyingi anayo mafuta. Misuli imepungua kwa miaka, na nafasi yake tumboni imechukuliwa na mafuta. Anayemtazama husema, "huyu ana akiba." Lakini kuwa na akiba si kuweza kuitumia. Mwaka 2017 ilichapishwa kazi iliyoonyesha kwamba katika panya wazee seli za kinga zilizomo ndani ya mafuta huiharibu ile homoni ya kuamuru ghala lifunguliwe, hata amri ikifika ikawa imefifia. Hata mafuta yakitoka, mitokondria zilizochakaa huyachoma kwa shida. Yaliyobaki hujazana katika ini, figo na moyo, na huko huwa sumu. Mwili unaokosa nishati ya mafuta hugeukia misuli, ukaila. Mzee anaingia wodini akitembea, anatoka kwa kiti cha magurudumu, nasi tunaandika kwenye fomu: "amepona."

Sina budi kukiri kwamba maarifa mengi ya uwanja huu yametoka kwa panya, na mara nyingi panya hao ni vijana wa wiki nane hadi kumi na mbili. Ni kama kumchunguza kijana wa sekondari ili kujua maradhi ya babu yake. Hata hivyo panya hao wametupa onyo la kuzingatiwa. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walionyesha kwamba panya wenye maambukizi ya bakteria walikufa zaidi walipolishwa kwa nguvu, na kwamba sukari ndiyo iliyodhuru. Lakini panya wenye homa ya mafua walinusurika zaidi walipolishwa. Chakula kilekile kilikuwa dawa kwa ugonjwa mmoja na madhara kwa mwingine.

Kwa binadamu tuna majaribio mawili makubwa, na ningependa kila muuguzi ayajue. La kwanza, la watu wazima, lilitoka mwaka 2011. La pili, la watoto 1,440 katika miji ya Leuven, Rotterdam na Edmonton, lilitoka mwaka 2016. Swali lilikuwa moja: mgonjwa mahututi asiyeweza kula vya kutosha, aongezewe lishe kwa njia ya mshipa mapema au baada ya wiki moja? Kinyume cha matarajio ya wengi, waliosubiri walifanya vizuri zaidi. Kwa watoto, maambukizi mapya yalitokea kwa asilimia 10.7 ya waliosubiri, dhidi ya asilimia 18.5 ya walioanza mapema. Baadaye watafiti walirudi kwenye damu iliyohifadhiwa wakapima ketoni. Watoto waliocheleweshewa lishe ya mshipa walipandisha ketoni waziwazi, na ilionekana kwamba sehemu ya faida waliyoipata ilipitia huko. Kwa watu wazima ketoni zilipanda kidogo tu. Njia ileile, mlango uleule wa mafuta, lakini umri umeamua ufunguke kiasi gani.

Naomba nisieleweke vibaya, kwa maana kosa hapa linaua. Majaribio hayo yalihusu lishe ya mshipa, si uji wala maziwa ya mama. Watoto wale waliendelea kulishwa kwa mrija kadiri walivyoweza, walipewa glukosi ya kuilinda sukari yao, na sukari ilikuwa ikipimwa mara kwa mara. Hakuna popote paliposemwa kwamba mtoto wa Tandahimba au wa Kilifi aachwe na njaa.

Tena tunao mfano wetu wenyewe wa hatari ya kuazima desturi bila kuipima. Katika utafiti wa watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu, uliofanywa Kenya, Uganda na Tanzania na kuchapishwa mwaka 2011, watoto waliomiminiwa maji mengi ya mshipa kwa haraka, kama vitabu vya ng'ambo vilivyofundisha, walifariki zaidi kuliko wasiomiminiwa. Tulikuwa tumefundishwa hivyo, tukafundisha hivyo. Iwapo maji matupu yalihitaji kupimwa upya katika miili ya watoto wetu, sembuse chakula.

Rafiki yangu mmoja, daktari wa miaka mingi, aliposikia hoja hii alicheka. Alisema: "Antibayotiki zinachelewa saa sita, oksijeni tunagombania, wewe unazungumzia mafuta?" Ana haki. Antibayotiki sahihi mapema, oksijeni, na kuondoa chanzo cha maambukizi ndivyo vinavyookoa kwanza, na sitamhurumia yeyote atakayeahirisha dawa ili ajadili ketoni. Lakini chakula hakisubiri tukiamulie. Kinaingia wodini mara tatu kwa siku katika vikapu vya ndugu, tuandike au tusiandike. Pale ambapo sisi hatusemi neno, wanaosema ni jirani wa kitandani na muuza duka la mbele ya geti, ambaye atamuuzia binti mwenye hofu chupa mbili za soda na boksi la glukosi ya unga "ya kumtia mama nguvu."

Soda hiyo nina ugomvi nayo. Katika siku za kwanza za sepsisi mwili wa mtu mzima hauitii insulini vizuri. Sukari hupanda hata kwa mtu asiye na kisukari. Kumwongezea sukari tupu ni kumpa asichoweza kukitumia. Na dripu ya glukosi, ambayo wagonjwa wetu huiomba kwa jina la "maji ya nguvu", huinua insulini na kulifunga ghala la mafuta ambalo mwili ulikuwa umelifungua kwa sababu. Dripu hiyo iwe kwa aliyepimwa na kuonekana sukari imeshuka, au kwa aliye katika hatari ya hilo, mtoto mdogo akiwa wa kwanza. Kwa mtoto aliyepoteza fahamu palipo mbali na hospitali na pasipo na kipimo, kijiko kimoja cha chai cha sukari iliyoloweshwa kwa maji kidogo, kikiwekwa chini ya ulimi wakati safari inaanza, kinaweza kuokoa ubongo wake. Sukari ileile ambayo ni upotevu kwa bibi, kwa mjukuu ni uhai.

Wenye kisukari nao wana fungu lao. Maambukizi kwa mtu aliyekosa insulini hufungua mlango wa mafuta bila wa kuuzuia, ketoni zikafurika hadi damu ikawa na asidi. Kijana mwenye kisukari anayetapika na kupumua kwa kasi hapaswi kuacha insulini kwa sababu "hajala". Kosa hilo nimelikuta mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Basi mzee alishweje? Miongozo ya Ulaya ya wagonjwa mahututi inasema aanze kulishwa kwa njia ya mdomo au mrija ndani ya saa 48, kwa kiasi kidogo, kisha kiasi kiongezwe hatua kwa hatua hadi kutosheleza baada ya siku tatu hadi saba. Kwa lugha ya nyumbani: vijiko vichache vya uji wa maziwa, akiwa ameketishwa wima, mara nyingi kwa siku, si bakuli zima kwa mkupuo. Akifumba mdomo siku ya kwanza, asishikwe taya. Uji uliolazimishwa kwa mtu aliyelala chali huishia mapafuni, na nimonia moja huwa mbili. Lakini akifumba mdomo siku ya tatu, hilo si la kuachiwa familia tena. Ni la daktari kuamua kuhusu mrija wa puani. Ikiwa alikuwa hajala vya kutosha kwa siku tano au zaidi kabla ya kuletwa, apewe vitamini B1 na aanzishwe taratibu zaidi, kwa sababu chakula kingi cha ghafla hushusha madini ya damu hata moyo ukasimama. Hali yake ikitulia, mayai, samaki, maharage na maziwa viwe mbele ya wanga, na akalishwe kitako, asimame, atembezwe, maana misuli isiyotumika hairudi kwa chakula peke yake.

Na kabla ya yote, atambuliwe kuwa anaumwa. Si wazee wachache wanaougua sepsisi bila homa. Bibi yetu hakuletwa kwa sababu ya joto. Aliletwa kwa sababu alimwita bintiye kwa jina la dada yake aliyekwisha kufa. Mzee aliyebadilika ghafla akili, aliyeanguka, au aliyeacha kula bila sababu, apimwe upumuaji, shinikizo la damu na sukari siku hiyohiyo.

Ninachoomba kwa wodi zetu hakihitaji bajeti kubwa. Kwenye karatasi ya kitanda, pale tunapoandika dawa, pawe na mstari wa chakula unaotaja umri: nini, kiasi gani, mara ngapi, na nani atakilisha. Mashine ya kupima sukari iwe na vipande vyake usiku wa manane, si asubuhi tu. Ndugu waelezwe siku ya kwanza, kwa sauti ya upole na kwa muda wa kutosha, kwa nini watoto wanaamshwa wale na kwa nini wazee hawabanwi taya. Na vyuo vyetu, hiki kinachotoa jarida hili kikiwamo, viwajumuishe watu wa miaka 60 na kuendelea katika utafiti wa sepsisi. Wazee wanaongezeka katika nchi zetu mwaka hadi mwaka, na mara nyingi tumewaweka nje ya tafiti kwa kisingizio kwamba wana maradhi mengi mno.

Yule mtoto aliruhusiwa siku ya tano. Bibi alikaa siku kumi na tisa. Siku ya tatu alimeza vijiko vinne. Siku ya saba alimaliza kikombe. Siku ya kumi alilalamika kwamba samaki hana chumvi. Alipotoka alitembea kwa kushikwa mkono pande zote mbili, na binti yake aliniambia kliniki, miezi minne baadaye, kwamba ndiyo kwanza ameanza kwenda kisimani mwenyewe, bila ndoo.